Mipaka ya Likombe na Ushahidi wa Wazee

Nataka jioni hii tuizungumze ardhi ya Likombe, hapa Mtwara, pamoja na wale wachache waliosalia ambao wanaijua kwa nyayo zao, yaani wazee ambao ukiwauliza mpaka wa shamba watakuonyesha safu ya minyaa au kisiki cha mkorosho, kisha watakutajia aliyeupanda, na aliyemrithi, na majirani waliohudhuria siku mpaka ulipokatwa. Wazee hao wanatutoka mmoja baada ya mmoja, na aghalabu elimu yao haikuandikwa popote. Nami nasema kwamba elimu hiyo ni ithibati ya mali, na kwa maskini wengi ni ithibati pekee waliyo nayo.

Yatupasa kwanza tukumbuke jinsi mji huu ulivyozaliwa. Zamani maskani ya biashara na ya serikali katika pwani yetu yalikuwa Mikindani, bandari kongwe ya majahazi, yenye nyumba za mawe na chokaa, milango ya nakshi, na boma walilolijenga Wajerumani mwaka 1895. Mtwara ya leo haikuwapo. Ndipo mwaka 1947 Waingereza walipouanza ule mradi wao mashuhuri wa karanga, na kwa kuwa karanga za Nachingwea zilitaka njia ya kutokea baharini, na ghuba ya Mtwara imejaaliwa kina cha kutosha merikebu kubwa kufunga gatini, wakauchora mji mpya juu ya karatasi, wenye gati, na reli, na barabara pana kuliko haja ya watu waliokuwapo, wakubwa wakipewa Shangani kwenye upepo wa bahari, na Waafrika wakiwekwa mbali na hapo. Mradi ukafa mwaka 1951. Gati ikamalizika mwaka 1954, karanga ilizojengewa hazipo; reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, vyuma vyake vikang'olewa, ikasalia kata iitwayo Reli, ambamo mtoto azaliwaye leo hajapata kuliona behewa.

Lakini watu hawakung'olewa. Wale waliokuja kwa vibarua, Wamakonde kutoka uwandani na kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Wamakua, Wayao na wengineo, walikaa, wakaoa, wakajenga. Na mji uliokusudiwa kuwa wa makampuni ukawa mji wao. Walijenga kwa vitu vya nchi: boriti za mikoko, fito, udongo wa kukandika, na makuti juu, na baada ya miaka ya mavuno mema ya korosho makuti yakaondoshwa na bati likapanda. Nyumba ilikuwa na vyumba vilivyokabiliana, ukumbi ukipita katikati, ua nyuma, na baraza mbele, na baraza hiyo ndiyo iliyokuwa mahakama ya kwanza ya mtaa, kwa maana ugomvi wa mpaka ulisikilizwa hapo kabla haujafika kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Maduka nayo yana tarikhi yake, nami nitaipitia kwa mukhtasari. Duka la Muhindi, ambalo mkulima alikopa humo khanga na mafuta ya taa akalipa msimu wa korosho, lilipungukiwa nguvu majumba makubwa yalipotaifishwa mwaka 1971 na wenyewe wengi wakahama. Likaja duka la RTC, yaani la kampuni ya biashara ya mkoa. Ikaja Operesheni Maduka ya mwaka 1976, iliyotaka duka la ushirika liwe mahali pa duka la mtu binafsi. Ikafuata dhiki ya mwanzo wa miaka ya themanini, ya kupanga foleni kwa mche wa sabuni. Hata ilipofika mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa tena. Katika kila badiliko hilo, mwenye shamba la Likombe alibaki na kitu kimoja kisichopandishwa bei wala kufungiwa ghalani, nacho ni ardhi yake.

Hapo ndipo gesi ilipoingia. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilikaa chini miaka mingi, na ilipokuja kuvuma habari ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, mji ulighadhibika na kuumia, na mwaka 2013 damu ilimwagika, jambo ambalo hatujalizungumza kwa insafu hata leo. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa. Madalali walikwisha kutangulia. Walikwenda pembezoni mwa mji, wakanunua mashamba kwa ekari, wakayakata viwanja. Na yuko mzee aliyeuza mikorosho yake yote kwa fedha zisizotimiza hata paa moja la nyumba, akaambiwa atie dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Manispaa ya Mtwara Mikindani, iliyokuwa na watu 108,299 katika sensa ya mwaka 2012, ilipita 140,000 katika sensa ya mwaka 2022, na watu hao hawana budi kulala mahali. Mimi siwalaumu wanaojenga. Nyumba ya tofali za saruji ni nyumba njema, na mji kukua ni heri.

Ninalolihofia ni kwamba mpimaji anapokuja na mawe yake ya mipaka, minyaa imekwisha kufyekwa na mzee amekwisha kufa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba mwenye ardhi ikitwaliwa anastahiki fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini fidia hulipwa kwa anayethibitisha kuwa shamba ni lake na miti ni yake. Tena mambo yetu ya mirathi yana mafundo, kwa kuwa Mmakonde wa asili hurithi upande wa mama, na Uislamu una mafungu yake, na shamba moja laweza kudaiwa na wapwa na watoto wa kuzaa, kila mmoja akiwa na hoja. Awezaye kulifundua fundo hilo ni yule aliyekuwapo marehemu alipotoa wasia wake.

Basi ninawaomba ninyi wa Likombe, na wa Naliendele, na wa Mikindani: katika mwezi huu mchukueni mzee wa ukoo pamoja na majirani wa pande zote nne, mzunguke shamba lenu kwa miguu, muandike kila alama na jina la aliyeiweka, wote watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nakala moja ikae ofisini kwake na nyingine mikononi mwenu. Na mpaka kazi hiyo iishe, dalali akija, mwambieni angoje.