Ruta Zilizotumika kwa Mazoezi ya Vijana: Tununue Zipi?

(Mazungumzo mbele ya kamati za parokia na wafadhili)



Baba Paroko, waheshimiwa wajumbe wa kamati, ndugu wafadhili: nimeombwa nieleze tununue vifaa gani ili vijana wetu wanaojifunza ufundi wa mitandao ya kompyuta wapate pa kufanyia mazoezi. Ombi langu ni moja. Ruta tatu zilizopimwa na kukamilika ni bora kuliko sanduku la ruta kumi ambazo hali yake haijulikani.

Ruta ni chombo kinachopokea taarifa kutoka mtandao mmoja na kuzielekeza kwenye mwingine. Kwa nini tatu? Ruta mbili zikiunganishwa kwa kebo, njia ni moja tu. Zikiwa tatu, zimeunganishwa kama pembetatu, kijana anaweza kuchomoa kebo moja akaona taarifa zinavyozunguka na kufika kwa njia ya pili. Siku moja kebo ya zahanati itakatika, naye ndiye atakayeitwa. Afadhali azoee kwetu, ambako hakuna mgonjwa anayesubiri.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tuanze na Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco inayoigiza ruta ndani ya kompyuta. Hata hivyo, programu haimfundishi mtu kubana kebo wala kutambua adapta mbovu. Kwa hiyo vifaa halisi bado vinahitajika.

Wengi hupendekeza Cisco 1841 iliyotumika. Inafaa kwa kujifunzia amri za msingi, lakini inakuja na matundu mawili tu ya kebo za mtandao. Katika pembetatu yetu kila ruta inahitaji matatu: mawili ya majirani na moja la kompyuta. Basi bei yake ihesabiwe pamoja na kadi ya nyongeza. Tena, huduma ya kampuni kwa aina hiyo ilikoma mwaka 2016. Ibaki mezani kwa mazoezi, isiunganishe ofisi ya parokia na intaneti.

Mimi napendekeza MikroTik hAP lite, ya kampuni kutoka Latvia. Ina matundu manne, na hutumia umeme wa volti 5 kama wa chaja ya simu. Kwa vigango vinavyotegemea umeme wa jua, hilo si jambo dogo. Amri zake si sawa na za Cisco, lakini kanuni za mtandao ni zilezile. Anayejiandaa kwa mtihani wa Cisco atajifunza amri zake kwenye Packet Tracer.

Kabla ya kulipa, kamati ihakikishe haya:

1. Ruta iwashwe mbele yetu, na kila tundu lijaribiwe kwa kebo.
2. Adapta iwepo. Ikitoka Marekani, isomeke 100–240V, maana iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake itaungua kwetu.
3. Ikiwa ni Cisco, iwe na kebo yake ya kuiunganisha na kompyuta wakati wa kuipangia kazi.
4. Muuzaji atoe stakabadhi, tusije tukanunua mali ya wizi.

Nenosiri la mwenye zamani lisitutishe. Fundi anaweza kuliondoa.

Ndugu wafadhili, tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisisafirishwe kwenda nchi nyingine bila idhini ya nchi inayozipokea. Ruta iliyokufa ni taka, hata ikitumwa kwa moyo mwema. Tafadhali ipimeni kabla ya kuifunga.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Nasi tuketi tuhesabu matundu, adapta na kebo, ili fedha ya waumini igeuke kuwa ujuzi mikononi mwa vijana, isilale stoo.