Usimnyime Maji Anayeharisha



Nikipita nyumba kwa nyumba nasikia neno hili: "Mtoto anaharisha, tumemnyima maji kwa sababu yanapita tu." Tafadhali, tuliache neno hilo. Linaua.

Wazee mnaokumbuka Goma, Julai 1994, mnajua jinsi kipindupindu kilivyoua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Tuone kinavyofanya kazi tumboni.

Kijidudu cha kipindupindu huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kikifika katika utumbo mwembamba hakitoboi ukuta wake. Hujishikiza juu yake na kutoa sumu. Sumu hiyo ina sehemu mbili. Moja hushika chembe za ukuta wa utumbo. Nyingine huingia ndani ya chembe na kuilazimisha kumwaga chumvi utumboni. Chumvi ikitoka, maji ya mwili huifuata. Ndiyo maana choo huwa kama maji yaliyooshea mchele. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa moja, akafa siku hiyo hiyo.

Lakini kuna mlango ambao sumu hii haiufungi: ule unaopitisha sukari na chumvi pamoja kuingia mwilini. Vikipita hivyo viwili, maji huingia navyo, hata kama mgonjwa bado anaharisha. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi.

Basi, ukiona mtu anaharisha maji matupu, fanya hivi:

1. Koroga pakiti ya ORS katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Huna pakiti? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.

2. Mpeleke kituo cha afya bila kungoja, ukimnywesha njiani. Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji dripu upesi.

3. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kwa kijiko, polepole.

4. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

5. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimhudumia.

Ukimnywesha ataendelea kuharisha kwa muda. Usiogope, usiache. Kikombe ulichompa hakikupotea.