MAGANDA YA KOROSHO SI TAKATAKA
(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika)



Ninasimama kwa habari ya lile lundo la maganda nyuma ya ghala. Amekuja mnunuzi, anasema atatuondolea bure, eti anatusaidia usafi. Wengine mmeshasema, "Achukue tu." Mimi nasema tungoje, tujue kwanza tunatoa nini.

Chukua ganda moja ulipasue. Katikati ya ganda mna vijumba vidogo kama sega la nyuki, vimejaa mafuta meusi mazito. Akina mama hawa wanayajua, wameyaona mikononi mwao: malengelenge, ngozi kubabuka. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ndiyo maana hata utomvu wa embe huunguza midomo ya watoto. Mti unalinda mbegu yake. Na mafuta hayo yanayofukuza wadudu kwenye korosho, watu huyapaka kwenye mbao zisiliwe na mchwa.

Wataalamu wameyachunguza. Yana asidi ya anakadi kwa wingi. Yakipashwa moto mkali, asidi hiyo hutoa hewa ya ukaa ikageuka kuwa kadanoli. Hiyo ndiyo inayotafutwa viwandani kutengenezea rangi, vanishi, gundi na breki za magari.

Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye kisomo. Katika kilo 100 za korosho ghafi, maganda ni kama kilo 70. Karibu robo ya uzito wa ganda ni mafuta. Basi kilo 70 zina mafuta kama kilo 17. Mashine haikamui yote, lakini hata ikitoa nusu tu, ni kilo 8 na zaidi. Na makapi yaliyokamuliwa bado yanafaa kuwashia tanuri. Hata ile ngozi nyembamba nyekundu tunayoimenya kwenye kiini ina tanini, kama magome ya mikoko, ya kutengenezea ngozi za wanyama.

Ndugu zangu, msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Viwanda vya kubangua vikajengwa, lakini vingi vikasimama. Korosho nyingi zikawa zinakwenda ghafi India na Vietnam. Korosho ikienda ghafi, ganda nalo limekwenda, na mafuta yake yanakamuliwa huko. Sisi hapa tumebangua wenyewe, ganda limebaki kwetu, halafu tuligawe bure?

Njia za kuyatoa ni mbili kubwa. Moja ni kuzamisha korosho nzima katika mafuta hayo hayo yaliyopashwa moto nyuzi 180 mpaka 200. Ganda hupasuka na kutoa mafuta yake. Hiyo ni ya kiwandani. Ya pili ni kukamua maganda kwa mashine baada ya kubangua. Hii ndiyo yetu. Kuchoma korosho kwenye debe kunayageuza mafuta kuwa moshi, na moshi wenyewe unaumiza macho na kifua. Kwa hiyo maganda yasiyokamuliwa msiyapikie jikoni.

Tena nisisitize: mafuta haya si dawa ya nyumbani. Asiyatie mtu kwenye jino wala kwenye kidonda kwa kuwa amesikia yana faida. Yataunguza tu. Anayeshika maganda ajipake mafuta ya kula mikononi kwanza, na watoto wasichezee pale.

Naomba mkutano uamue mambo matatu:

1. Ganda lisitoke bure. Lipimwe kwa mzani wetu, liandikwe daftarini, na mnunuzi ataje bei ya kilo mbele ya mkutano.

2. Kamati iende SIDO kuuliza bei ya mashine ya kukamua, ilete jibu hapa hapa ubaoni, wote tusome.

3. Fedha ya kwanza ya maganda inunue glavu za wabanguaji. Hao ndio walioungua kwa mafuta haya kabla sisi wengine hatujajua kwamba yana bei.

Mwenye hoja ainue mkono.

Katibu wa Chama, Tawi