Mwaridi wa Kiangazi
(Jumapili ya 3 ya Kwaresima, Mwaka C)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo, Luka sura ya 13, yatupa habari ya mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunzaji auombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi. Mara nyingi twamtazama mwenye shamba. Leo tumtazame mtunzaji na jembe lake.

Hapa Mtoni, ukutani mwa nyumba ambamo jumuiya yetu husali, upo mwaridi unaopanda hadi kwenye paa. Februari moja, vuli imekwisha zamani na masika bado, kaskazi ikavuma hata majani yote yakapukutika. Sisi wenyewe tulishika panga. Bibi mmoja jirani akatuzuia: "Baba Padri, hebu ngoja kwanza." Akakwaruza gome kwa ukucha, karibu na shina. Ndani palikuwa kijani.

Bibi yule hakukata kitu. Kila baada ya siku chache alimwaga maji jioni, taratibu, shinani na si majanini. Tena maji ya bomba, maana visima vya karibu na pwani vina chumvi. Juu ya udongo akatandaza makumbi ya nazi. Tulipomletea samadi, akaiweka kando: mizizi yenye kiu huungua kwa samadi, ingoje mvua. (Nasi tulikuwa tumejivunia samadi ile!)

Katika nchi za theluji adui ni baridi, lakini utunzaji wafanana. Mapema, kabla ya baridi, watu huacha kuutilia mwaridi mbolea, usije ukachipua machipukizi laini yatakayouawa na barafu. Kisha hulundika udongo shinani, kimo cha sentimeta 20 hadi 30, wapalinde hasa pale ulipobebeshwa. Matawi huyafunga pamoja na kuyavika magunia au matawi ya misonobari. Baridi ikiwa kali mno, huyafungua ukutani, wakayalaza chini na kuyafunika. Kwa miezi kadhaa mwaridi hufanana na kaburi, wala hakuna auulizaye maua. Hata jua la kwanza likiwaka hawaufunui kwa pupa.

Baridi hiyo aliijua binti wa hapa hapa Mtoni. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la baba yake, Sayyid Said, ambalo magofu yake twayaona ufukoni. Mwaka 1867 aliolewa na Mjerumani huko Aden, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, naye akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Aliishi hadi mwaka 1924. Husimuliwa kwamba alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, alichokitunza miaka yote. Twajiuliza ni nani waliomlundikia udongo shinani katika ile miaka ya kwanza ya ujane.

Twauliza kwa aibu, kwa kuwa katika daftari letu la wakatekumeni lilikuwamo jina tulilolipiga mstari mwaka jana. Kijana alifiwa na mama yake, akaacha kuja. Jumapili ya kwanza tulimwulizia. Ya nne tukasema amekufa kiimani. Hakuna aliyekwenda kukwaruza gome. Mmoja wetu alimpelekea ujumbe kwamba asipohudhuria mafundisho hatabatizwa Pasaka. Hiyo ilikuwa samadi juu ya mizizi mikavu.

Juzi jioni tulikwenda kwake, pamoja na bibi yule yule. Tulikaa barazani, tukanywa chai, tukamsikiliza akisimulia siku za mwisho za mama yake. Habari za mafundisho hatukuzitaja. Tulipoaga, alitusindikiza hadi barabarani, akauliza kama bado twasali Jumatano. Bibi akamjibu, "Twasali, mjukuu wangu. Nawe ukichelewa, njoo hivyo hivyo."

Jina lake tumeliandika upya. Ndugu makatekista, wiki hii yafungueni madaftari yenu, mwanze na majina yenye mstari. Nendeni wawili wawili, tena jioni, watu wanapokuwa wametoka kazini.