Mwenye Jasho Awe na Kauli



Mwezi wa Julai 1960, mjini Newport, Marekani, wanamuziki Charles Mingus na Max Roach walilipinga tamasha kubwa la jazi la kiangazi. Walidai kuwa waandalizi walitanguliza majina ya kuvuta fedha na kuwapunja wapigaji wa jazi yenyewe.

Hawakuishia kunung'unika. Katika hoteli ya Cliff Walk Manor waliandaa tamasha lao, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Mkongwe Coleman Hawkins alipiga hapo. Kijana Ornette Coleman vilevile. Mwisho wa juma hilohilo, fujo za vijana walevi zilisababisha baraza la mji kulikatisha tamasha kubwa.

Funzo ni moja: apangaye orodha ya wapigaji ndiye apangaye thamani ya jasho lao. Basi mwenye jasho naye awe na kauli.