Kutuliza Mishipa ya Fahamu



Kazi yangu ni ufasiri. Mwaka jana nalikuwa nikiandika hata usiku wa manane, nikinywa chai ya rangi kikombe baada ya kikombe. Mikono ikaanza kutetemeka, na usingizi ukaniruka. Jioni moja nalimkemea mwanangu kwa kosa dogo hata akajificha nyuma ya mlango. Hapo nalitambua kwamba uchovu wangu umekuwa mzigo wa nyumba nzima.

Tangu siku ile nashika mambo matatu. Kwanza, sinywi chai wala kahawa baada ya adhuhuri, kwa kuwa hata zikipita saa 5 hivi, nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Pili, natembea kwa miguu dakika 30 kila siku, na usiku nalala saa zisizopungua 7. Tatu, hasira ikinipanda, navuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, yapata mara 6 kwa dakika. Kutoa pumzi hivyo huamsha mshipa wa fahamu ushukao toka ubongoni hata moyoni, nao moyo hupunguza mbio.

Mambo haya hayahitaji fedha. Mimi yamenifaa, na mwanangu hanikimbii tena. Lakini mtu ambaye dhiki yake haipungui, na amwone daktari.