MASOMO YA TIMBUKTU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu)



Tuliambiwa kwamba mbele ya mzungu Afrika haikujua kitabu. Sikieni habari ya Timbuktu, mji wa zamani katika inchi ya Mali. Katika miaka ya 1400 na 1500 vijana walisoma pale Sankore: dini, sheria, hesabu, elimu ya nyota. Mwanafunzi alimaliza kitabu mbele ya mwalimu, ndipo akapewa barua ya kukifundisha.

Mwaka 1591 askari wa Maroko waliteka mji. Mwalimu mkubwa Ahmed Baba alipelekwa Marrakesh katika minyororo. Mwenyewe alisema alinyang’anywa vitabu 1.600. Mwaka 1894 Wafaransa wakaingia, na kazi ya ofisi ikataka Kifaransa.

Mwaka 2012 watu wenye silaha walishika mji. Wenyeji wakaficha vitabu ndani ya masanduku, wakavipeleka Bamako kwa motokari na mitumbwi.

Wandugu, shaba ikitoka shimoni hairudi. Elimu ukiigawa, inabaki kwako, na mtoto anaipata. Basi andikisheni wavulana na wabinti masomoni, na jioni waulizeni: leo mmejifunza nini?